Dume wa mnadani aliyeniletea chawa

Dume yule wa kondoo nilimnunua mnadani mwezi wa tano. Alikuwa mnene, anatembea kwa maringo, nikamwachilia siku hiyohiyo kati ya majike 30 wa Corriedale, aina ya kondoo wa sufu. Balaa nililipia mwenyewe, tena taslimu.

Kufikia Julai, na baridi ya Kinangop, huku nyanda za juu za Kenya, mnaijua, nguzo za ua zilikuwa zimevaa sufu. Kondoo walijikuna kwenye waya, wengine wakijing'ata ubavuni hadi sufu ikaning'inia mafungumafungu. Nikadhani ni upele. Mzee jirani alikuja, akamlaza jike mmoja, akaipasua sufu kwa vidole kama msusi anayechora njia kichwani.

"Tazama chini kabisa, kwenye ngozi."

Sikuona kitu. Kisha vidude vya rangi ya chai ya maziwa, vidogo kuliko ufuta, vikaanza kutembea kuukimbia mwanga.

Nikanunua dawa, nikawaogesha wale 6 waliokuwa wakijikuna. Wengine 25 niliwaacha. Dawa ni ghali, nami nilijiona mjanja. Hazikupita wiki nyingi, nguzo zikavaa tena.

Daktari wa mifugo alicheka kidogo kabla ya kunieleza. Chawa wa kondoo hazaliwi zizini wala hatoki kwenye uchafu. Maisha yake yote ni juu ya kondoo, na huhama wanapogusana, hasa usiku wakilala wamebanana, au mwana anaponyonya. Kondoo mwenye chawa wachache hajikuni, lakini anao. Na mayai yamegandamana na sufu; dawa nyingi haziyaui, na huanguliwa baada ya siku kama 10.

Nilisubiri jua la Septemba, nikawanyoa wote. Chawa wengi waliondoka na sufu ileile, na dawa ikafika kwenye ngozi bila kizuizi. Tuliwaogesha wote 31 siku moja pamoja na wana wao, tukarudia baada ya wiki 2. Siku hizi kondoo mgeni hulala banda lake peke yake hadi nimpekue sufu mara kadhaa.

Ilibaki ua wetu na mzee, ambao kondoo huupenya wapendavyo.

"Mzee, na wako tuwaogeshe?"

"Wangu hawajikuni."

"Hata wale wangu 25 hawakuwa wakijikuna."

Akanyamaza kidogo, akaenda kuleta kamba.