Umeniweka Ngamani

Nilipokuwa na miaka 9 Baba alinichukua Pemba kwenye jahazi lake, nami nikaapa sitarudi baharini. Tulipoingia mkondo wa Nungwi nilitapika mpaka nyongo, nikalala juu ya magunia ya unga namwita mama, naye yuko Funguni, mtaa wetu Unguja, anakaanga samaki zake. Tangu siku hiyo hapakuwa na mgeni aliyekaa barazani kwetu asisimuliwe. "Huyu binti yangu," Baba alikuwa akisema, "bahari ilimlevya kabla hatujatweka tanga." Uongo mtupu, tulikuwa tumeshatweka zamani. Lakini nani atambishia nahodha?

Kwa hiyo mwaka 2019 mume wangu aliposema tumpeleke Baba Alaska kwa meli, nilicheka kwanza, kisha nikaogopa. Baba alikuwa amekuja kutukalia miezi mitatu hapa karibu na Seattle. Mama alikuwa ameshatutoka, na mzee wa miaka 74 aliyezoea kushinda pwani alikuwa anashinda kwenye kochi letu akitazama mvua dirishani. Watoto wakamwonyesha picha za nyangumi. Akazitazama, akasema, "Chombo kinapita wapi? Nje au ndani ya visiwa?" Nikajua keshakubali.

Tabu ya kwanza ikawa makaratasi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozikataza meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria toka bandari ya Marekani hadi bandari ya Marekani. Hizi meli kubwa za matembezi karibu zote bendera zake ni za kigeni, kwa hiyo zikianzia Seattle na kurudi Seattle lazima njiani ziguse nchi nyingine. Yetu ingegusa Victoria, Kanada, jioni ya mwisho, saa chache tu. Na kwa saa hizo chache, mwenye pasi ya Tanzania anatakiwa visa ya Kanada. Baba akapelekwa kupiga alama za vidole kama mtu anayehamia. "Hawa wa 1886," aliniuliza tukiwa kwenye gari, "walinijuaje?"

Tabu ya pili niliifanya mwenyewe. Chumba chenye dirisha kilikuwa na bei ya kutisha, nikamchukulia Baba chumba cha ndani, katikati ya meli, bila dirisha. Nilijiambia ni mahali pa kulala tu. Siku tulipopanda, Baba alisimama mlangoni na kibegi chake, akatazama kuta nne, akagusa ile iliyo mbali na mlango kama anayetafuta tundu. Akanigeukia.

"Mwanangu, umeniweka ngamani."

Ngama, kwa asiyejua, ni pale chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, na mtu wa kukaa huko ni yule mwenye zamu ya kuyafua. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia tubadilishane, yeye aje kwenye dirisha letu na watoto. Akakataa. Nahodha habadilishi kitanda na mwanamke, alisema, na kwanza hakuja kulala.

Tukaondoka Seattle alasiri, jua kali, muziki, watu wanapunga mikono. Kufika usiku tulikuwa tumetoka kwenye mlango wa bahari, tunapanda kwa upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, na bahari kuu ikaanza kazi. Meli ya ghorofa kumi na kitu haipigwi na mawimbi kama jahazi. Inainuka taratibu, inafikiri, kisha inashuka. Ni hapo inapofikiri ndipo tumbo langu liliposhindwa. Wahudumu walileta matofaa ya kijani na biskuti za tangawizi. Nilivitapika vyote.

Usiku wa manane mlango ukagongwa. Baba, kikoi na sweta mbili, kofia ya kiua chini na ya sufu juu. Mume wangu ndiye aliyempigia simu ya chumbani, msaliti. Alikaa pembeni ya kitanda, akanishikia ndoo. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alikuwa akiniambia wimbi linakuja kabla halijafika: "Hili dogo. Hili dogo. Sasa vuta pumzi, linakuja la tatu." Na kweli la tatu lilikuwa kubwa, na kwa kuwa nililijua, lilipita. Sikumbuki nililala saa ngapi.

Kulipokucha aliuliza kibla. Mume wangu akafungua simu, mshale ukaelekea mbele ya meli, karibu kaskazini tupu. Baba hakuuamini. Akilini mwake Makka kwa mtu wa Marekani lazima iwe mashariki, ng'ambo ya bahari ile nyingine. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hawezi kujizuia, akachukua chungwa kwenye meza ya chakula na uzi wa kifungo cha koti. Akabonyeza ukucha mahali pa Makka, akabonyeza tena mahali pa Alaska, karibu upande wa pili wa chungwa, akauvuta uzi ukakazana. Ukapita juu, jirani na kikonyo.

Baba aliugusa ule uzi kwa kidole. Unguja iko karibu moja kwa moja kusini ya Makka, ndiyo maana kwetu anayeswali anatazama kaskazini, na wazee wa vyombo kaskazini wenyewe waliuita kibla. "Basi ni kama nyumbani," alisema. "Tukienda iko omo, tukirudi iko tezi." Mbele na nyuma ya chombo. Akala lile chungwa.

Juneau sitasema mengi. Ni makao makuu ya jimbo na hakuna barabara inayokufikisha huko kutoka nje. Unakwenda kwa meli au ndege, jambo ambalo Baba aliliona la kawaida kabisa. Kilichomsumbua ni usiku. Mwezi wa Juni huko jua linazama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati hakuwi na giza la maana. Tuliunganisha magharibi na isha, tukilala mbingu nyeupe. "Nyota hamna," alikuwa akilalamika, kama mtu aliyenyimwa kitabu chake. Na chumba chake kwa upande mwingine kilikuwa giza saa zote. Masikini, alikuwa akitoka kwenye usiku usiokwisha na kuingia kwenye mchana usiokwisha.

Asubuhi ya Glacier Bay, ghuba ya barafu hukohuko Alaska, nilikwenda kumwamsha saa kumi na mbili, kitanda nikakikuta kimetandikwa. Sikupaniki mara moja. Nilitazama mkahawani, kwenye viti vya nje, hata kwenye chumba cha mazoezi. Kisha nikapaniki. Upepo ule, zile reli za kando zenye unyevu, mzee wa miaka 74 na kikoi. Nikamkimbilia yule mhudumu kutoka Indonesia aliyekuwa akimsalimia Baba kila mlo "Assalaam aleikum, Bapak" na kumwambia nyama ipi ale. "Bapak yuko chini," alisema, "anatazama ngazi."

Alikuwa kwenye sitaha ya chini, ameinama juu ya reli. Mashua ndogo ilikuwa inakwenda sambamba na meli yetu, ubavuni ilikuwa imeteremshwa ngazi ya kamba, na askari wa hifadhi, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanaikwea. Kila meli inayoingia Glacier Bay hupandiwa nao, wakakaa siku nzima wakiwaeleza abiria. Baba alikuwa hapumui. Wa mwisho alingoja mashua ipande na wimbi, akaushika ubao mashua ikiwa juu kabisa, si kabla si baada, akakwea. Baba akapiga reli kofi. "Huyo," alisema, "kafundishwa."

Nilikuwa nimejitayarisha kumgombeza. Nikamfungia vifungo vya koti.

Yule askari ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alisema mwaka 1794, watu wa nahodha George Vancouver walipopita hapa, ghuba yenyewe haikuwepo, kulikuwa na ukuta wa barafu karibu kufika mlangoni. Mtafiti wa maumbile John Muir alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imesharudi ndani makumi ya maili. Siku hizi ukitaka kuifikia unakwenda zaidi ya kilomita 100 kutoka mlangoni. Nilimtafsiria Baba sentensi kwa sentensi. Alitazama maji chini yetu. "Yaani pale tulipo, ramani ya babu yake inaonyesha nchi kavu?" Barafu, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Hilo lilimgusa kuliko barafu yenyewe, nadhani. Maisha yake yote miamba ya Nungwi ilikuwa palepale alipoionyeshwa na baba yake.

Askari akaeleza pia kwamba Watlingit wa Hoonah, wenyeji wa asili, walikuwa wakiishi kwenye bonde hilo kabla barafu haijawafukuza katika miaka ya 1700, na kwamba mwaka 2016 nyumba yao ya ukoo ilifunguliwa pale Bartlett Cove, karibu na mlango wa ghuba. Baba akaniagiza nikaulize walisafiri na vyombo gani. Nikaenda, nikapanga foleni nyuma ya watu wanaouliza habari za dubu. Mitumbwi, nikarudi nayo, ya mti mmoja. "Nilijua," akasema.

Mbele ya Margerie meli ilizimwa mwendo. Ni ukuta wa barafu wenye upana wa maili moja hivi, kimo chake juu ya maji kama meta 75, na rangi yake si nyeupe, ni buluu ya maji ya chupa. Watu elfu na zaidi walinyamaza. Vipande vidogo vilivyokuwa vikielea ubavuni vilikuwa vinatatarika kama mafuta kikaangoni, hewa ya zamani ikitoka. Kisha kipande kikubwa kama nyumba kikajitenga na kuteleza bila sauti yoyote. Baba akaanza kuhesabu, kama anavyohesabu kati ya umeme na radi: "Moja..." Mshindo ukatufika kabla hajasema mbili. "Tuko karibu mno," alisema, akatazama juu kwenye chumba cha nahodha. Meli ikabaki palepale, na muda mfupi baadaye lile wimbi likapita chini yetu hata chai haikumwagika. Alikubali, kwa shingo upande, kwamba yule bwana anajua kazi yake.

Bandari ya Ketchikan ilinyesha. Ketchikan hunyesha, ndiyo kazi yake.

Usiku ule wa kurudi nje ya visiwa nilimeza vidonge mapema, nikatapika vilevile. Baba akaja na ndoo yake bila kuitwa.

Victoria tulifika jioni, taa zimewaka, manyunyu. Nilimtolea pasi yake yenye visa mpya, nikamletea koti. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha sitaha, blanketi mapajani, kibla iko nyuma yake. "Nendeni nyie," alisema. "Mie naiona hapa." Nilimkumbusha alama za vidole, foleni, pesa. "Naiona vizuri sana," akasema.

Siku tuliyofika nyumbani alimpigia simu serahangi wake wa zamani, mkuu wa mabaharia wake, Funguni, na kwa kuwa wote wawili hawasikii vizuri, nyumba nzima ilisikia. Alimweleza ngazi ya kamba, ukuta wa buluu, usiku usio na nyota. Alimweleza chumba pia. Neno ngamani lilirudiwa mara tatu, wakacheka sana. Kisha yule mzee akauliza kitu nisichokisikia, na Baba akanitupia jicho pale nilipokuwa nakunja nguo.

"Huyo?" alisema kwenye simu. "Mzima kabisa. Hata hakuhisi."