Tisa, baki tano

Darasani kwetu warefu tulikaa nyuma. Ilikuwa sheria, tena yenye maana: mrefu akikaa mbele anawaziba wenzake. Mimi nilirefuka mapema, nikapelekwa dawati la mwisho karibu na dirisha, na huko ndiko sheria nyingine zote ziliponikamata.

Usichungulie daftari la jirani. Usiongee mwalimu akiwa ubaoni. Usisimame bila ruhusa. Nilizivunja zote tatu karibu kila siku, kwa sababu moja tu: nilikuwa sioni maandishi. Ubao wenyewe niliuona, na mkono wa mwalimu ukienda huku na huku, lakini alichoandika kilikuwa moshi wa chaki. Na mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri hajui kwamba haoni. Nilidhani wenzangu wana kipaji cha kukisia.

Jirani yangu wa dawati alininong'oneza yaliyoandikwa, nami nikamchorea ramani zake za jiografia. Biashara ilienda vizuri, ila yeye alikuwa hodari wa kukosea herufi, nami nilinakili makosa yake yote bila kuacha hata moja. Mwalimu akiyakuta makosa yaleyale kwenye madaftari mawili, unategemea nini? Jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele kiranja hakuwa tena na haja ya kuliandika. Alikuwa ameliacha pale tangu Jumatatu.

Nilikuwa na ujanja mmoja wa peke yangu. Nikikunja ngumi nikabakiza kitundu kidogo katikati, nikachungulia kwa jicho moja, maandishi yalijikusanya kidogo. Baadaye nilielewa kwa nini: tundu dogo huzuia miale inayotawanyika, picha ikatulia. Siku moja mwalimu wa hesabu aligeuka akanikuta nimemwelekezea darubini ya ngumi. Darasa likaangua kicheko. Niliitwa mbele nipige magoti chini ya ubao hadi kengele.

Na pale, nikiwa nimepiga magoti, nikageuza shingo nikasoma. Kila kitu. Alama ya kugawanya ina nukta mbili! Mimi miaka yote niliandika kistari kitupu, nikiona wengine wanatia madoa nikadhani ni kalamu zao zinavuja.

Ningependa kusema kwamba nilimweleza mwalimu. Sikusema kitu. Nilichofanya ni kuanza kutafuta adhabu, mradi iwe ya kupigishwa magoti mbele. Adhabu ya kusimama nyuma niliikwepa kama ugonjwa.

Aliyenigundua ni mwalimu aliyekuja kushika kipindi cha mwenzake. Aliniambia nisome sentensi ya kwanza. Nikanyamaza. Hakugomba. "Hebu sogea, mwanangu," akasema. Nikasogea. "Sogea tena." Nilianza kusoma nilipofika dawati la pili kutoka mbele, na darasa zima lilikuwa kimya.

Chati ya kupimia macho, ile ya herufi zinazopungua ukubwa, aliyoitunga daktari Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862, haikuchukua hata dakika tano kunimaliza. Macho yangu ni marefu kupita kiasi kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo picha inaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya juu yake. Lenzi hasi 2.75. Maana yake, bila miwani, chochote kilicho zaidi ya sentimita 36 hivi kutoka usoni kinaanza kufifia. Dawati langu lilikuwa mita saba kutoka ubaoni.

Daftari moja la miaka ile ninalo bado. Kuna ukurasa ambao mwalimu wa hesabu ameukata kwa kalamu nyekundu na kuandika kwa hasira, "SOMA SWALI!" Ubaoni palikuwa na 63 ÷ 7. Mimi niliona 68. Juzi nimeipiga tena hesabu yangu, taratibu, kwa penseli. Ni 9, baki 5, kama nilivyoandika.