Moshi wa alfajiri na wa mchana si sawa hata kidogo

Jirani yetu hapa mtaani, Dar, alikuwa na kawaida ya kuchoma taka saa kumi na moja alfajiri, majani ya mwembe, mifuko, chupa za plastiki, vyote humohumo, na mimi nina mtoto ana pumu kwahiyo harufu ikianza tu naamka kufunga madirisha, na joto la Dar mnalijua, utafunga mpaka lini? Kilichonishangaza ule moshi haupandi. Unalala. Unavuka ukuta taratibu kama maji na kuingia ndani bado mzito, wakati mtu akichoma palepale mchana unapaa zake.

Basi nikafungua eksel nikapiga hesabu, ile fomula ya kukadiria moshi wa dohani za viwanda unaelekea wapi na unatua wapi. Unaingiza moshi unaotoka kwa sekunde, kasi ya upepo, urefu wa pale unapotokea, halafu hewa yenyewe ikoje, imetulia au inachemka. Hapa ndo kwenye kazi. Muingereza Frank Pasquill mwaka 1961 alitoa madaraja A mpaka F. A ni jua kali, ardhi imepata moto, hewa inapanda inashuka inauchanganya moshi vizuri. F ni usiku hauna mawingu, upepo kidogo, ardhi imepoa, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu yake kwahiyo inagoma kupanda, kama sufuria limefunikwa.

Nikaweka upepo uleule mita 2 kwa sekunde, eneo la wazi, umbali mita 500. Daraja B, yaani mchana wa jua la kiasi, moshi unatanuka kwenda juu kama mita 60, F mita 7 tu!! Na pembeni pia unabana. Ukimaliza hesabu, moshi wa F katikati ya njia yake ni mzito mara 30 na zaidi, na taka ni zilezile. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kwetu nyumba zimebanana, kuta zinakatakata upepo, namba itabadilika, ila picha ndo hiyo.

London Desemba 1952 ilikuwa hivihivi kwa mji mzima, moshi wa makaa ya mawe ukafunikwa tarehe 5 mpaka 9, mwanzoni vikahesabiwa vifo kama 4,000, tafiti za baadaye zikafika 12,000.

Nikamfuata jirani, shikamoo mzee, nikamwonyesha karatasi. Akakaa kimya kidogo akasema, mwanangu, mimi nachoma alfajiri ili nisiwakere, nyie si mnakuwa mmelala. Miaka yote hiyo alikuwa anatuhurumia! Iliniuma.

Jumamosi iliyopita kachoma majani peke yake saa sita mchana, plastiki kazifunga kwenye kiroba zisubiri gari la taka. Nilisimama dirishani nikauangalia moshi, ukapita juu ya mwembe, ukakatikakatika, mtoto amelala na dirisha liko wazi.