Deni Likivuka Msimu

Mvua za mwaka juzi zikielekea ukingoni, nilimkatia nyasi mteja mmoja mara nne. Kiwanja chake ni kikubwa, kimezungukwa na ua wa miti ambao kuupunguza tu kunakula nusu siku. Kila tukimaliza alikuwa akiniambia, "Tutahesabiana." Nami naitikia, napakia mashine, naondoka. Kulikuwa na kazi nyingine inanisubiri, na kumtajia mtu hela jasho halijakauka niliona haya.

Ankara niliituma wiki tano baadaye, kiangazi kimeshashika. Akajibu kwa upole kabisa kwamba anakumbuka mara tatu, si nne. Nikafungua daftari langu nikakuta jina lake limeandikwa mara mbili, bila tarehe. Sikuwa na la kumwonyesha. Alilipa tatu, kwa vipande vipande, na kipande cha mwisho kiliingia mvua nyingine zimeshaanza. Ile ya nne ilipotea. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu sidhani kama alikuwa anadanganya. Alikuwa amesahau, na mimi ndiye niliyempa muda wa kusahau.

Kazi yetu ni ya msimu. Mvua zikinyesha simu haziishi, kiangazi kikiingia zinanyamaza. Hela ya miezi mitano au sita ndiyo inayobeba miezi yote 12. Vijana wawili ninaofanya nao kazi wanalipwa kila Jumamosi, mteja awe amelipa au hajalipa, na petroli hainunuliwi kwa ahadi. Kwa hiyo mteja akichelewa, mimi ndiye ninayekuwa nimemkopesha, tena namkopesha hela ya petroli ya wiki ijayo, wala si faida. Ilinichukua misimu miwili kuliona jambo hilo hivyo.

Halafu kuna hili ambalo naona wengi wetu tunalipita. Deni likivuka msimu hubadilika. Nyasi zikiwa bado zinaota, mteja anakuhitaji tena baada ya wiki mbili, na anajua usipofika kiwanja kitageuka pori. Kiangazi hakuna kinachomkumbusha. Fundi aliyetengeneza meza anaweza kusema meza yako ile pale. Kazi yangu mimi huota ikafutika. Nikisubiri mpaka msimu uishe ndipo nidai, nadai kitu ambacho hakionekani tena, kwa mtu ambaye hana haja nami hadi mwakani.

Ndiyo maana sasa kila kitu nakifanya siku ileile. Napiga picha kabla ya kazi na baada ya kazi, na simu yenyewe inahifadhi tarehe na saa. Jioni, kabla sijaoga, natuma ankara: tarehe ya kazi, tulichofanya, kiasi, na siku ya kulipa. Naandika "Ijumaa tarehe 14", siandiki "ndani ya siku 14". Siku 14 kila mtu anazihesabu kuanzia pale anapopenda, lakini Ijumaa ni Ijumaa.

Maneno yenyewe yalinisumbua kuliko mahesabu. Kwetu ukimwambia mtu "nakudai" ni kama umemkamata shati. Kwa kuliogopa neno hilo, nilikuwa naanza kila ujumbe na "samahani kwa usumbufu". Usumbufu upi? Nimefanya kazi, tumekubaliana bei, na siku ya kulipa imefika. Nikiomba radhi, ninamfundisha mteja kwamba kunilipa ni hisani. Sasa nakumbusha: ujumbe mfupi siku moja kabla, mwingine siku moja baada, na wiki ikipita napiga simu.

Simu ina kitu ambacho ujumbe hauna, maana ukimsikia mtu unajua limekwama wapi. Kuna ofisi moja iliyonipiga kalenda karibu miezi miwili, au ndivyo nilivyoamini. Nilipoomba kuzungumza na mhasibu, nikaambiwa ankara zangu zote ziko mezani kwake, haziwezi kupita kwa sababu hazina namba ya oda yao, ile ambayo ofisi huitoa inapoagiza kazi. Hakuna aliyekuwa amenitajia namba hiyo, na mimi sikuuliza. Tena wao wanalipa mara moja tu kwa mwezi, ukichelewa siku moja unangoja mzunguko unaofuata. Siku hizi kabla sijawasha mashine kwenye ofisi yoyote, nauliza nani anayelipa, analipa siku gani, na karatasi iandikweje. Nilikuwa nimemkasirikia bure yule mama wa mapokezi, na nilirudi kumwomba msamaha.

Punguzo nililijaribu pia. Niliwahi kutangaza kwamba anayelipa ndani ya siku 10 badala ya 30 apunguziwe asilimia 2. Inaonekana kidogo. Ila ukipiga hesabu, kutoa asilimia 2 ili upate hela siku 20 mapema ni sawa na kukopa kwa riba ya karibu asilimia 37 kwa mwaka. Na walioitumia nafasi hiyo walikuwa walewale ambao siku zote wanalipa mapema. Niliiacha. Faini ya kuchelewa nayo niliijaribu kwa makosa: niliiongeza kwenye ankara bila kuitaja tangu mwanzo, mteja akakataa, na alikuwa na haki. Kama masharti hayakuwepo kabla ya kazi, usiyalete baada ya kazi. Sasa yako kwenye karatasi moja ninayompa kila mteja mvua zinapoanza, naye anaisoma mbele yangu. Kwa pori la mara ya kwanza, lile linalomaliza siku nzima na visu viwili vya mashine, nusu inalipwa kabla hatujaanza.

Sharti gumu kuliko yote ni hili: kazi mbili zikiwa hazijalipwa, ya tatu sifanyi. Mara ya kwanza kulishika nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mteja yule nilimpoteza, akatafuta mwingine. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimemhudumia misimu mitatu. Wengine wawili niliowaambia hivyohivyo wiki ile walilipa kabla ya jioni.

Lakini sharti halimtazami mtu usoni, na mimi lazima nimtazame. Mama mmoja alifiwa na mumewe katikati ya msimu, akiwa na deni la kazi tatu. Nyasi niliendelea kumkatia. Nilinyamaza kwa muda, kisha nikampigia, tukakubaliana alipe robo kila mwezi, kwa tarehe aliyoichagua mwenyewe. Alimaliza yote. Kwa wanaosema wazi kwamba hawana, sijawahi kujuta kuwasubiri. Wanaonitia hofu ni wasiopokea simu.

Msimu huu umebaki wiki tatu. Jana usiku nilipitia daftari nikakuta majina matatu hayajafutwa. Wawili siku yao haijafika. Wa tatu, asubuhi ya leo nimemwandikia hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Tulikata nyasi kwako tarehe 3 na tarehe 17, picha za siku zote mbili ziko hapa chini. Malipo yalikuwa yafike Ijumaa iliyopita na bado sijayaona. Naomba unijulishe leo kama utaweza kumaliza yote kufikia Jumatano, au ungependa tugawe mara mbili. Kazi inayofuata nitaipanga tukishakubaliana."

Niliusoma mara mbili kabla ya kuutuma, nikaikuta "samahani" mwanzoni kabisa, nikaifuta.