Tundu Moja, Kutoboa Mara Mbili

"Kaza sana, halafu paka silikoni pembeni." Ushauri huo nilipewa na watu watatu, wote mikono mfukoni, nami nikaufuata. Nilikuwa na mbao mbili za msaji za kushikia mtu anapotembea juu ya sitaha ya boti. Nikazipiga skrubu moja kwa moja kwenye faibaglasi, nikakaza mpaka bisibisi ikanichuna kiganja, nikamaliza tyubu nzima ya silikoni. Zilipendeza! Hata picha nikapiga.

Mvua ya kwanza ikanikuta nimelala chini ya sitaha. Tone la paji la uso, tone la sikio. Nikaongeza silikoni, tone likahamia miguuni. Nilipozing'oa zile mbao, skrubu tatu zilitoka kwa vidole vitupu, na tundu likavuja maji ya kahawia yenye harufu ya tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

Kumbe sitaha yangu si faibaglasi tupu. Ni ngozi mbili nyembamba, na katikati umejazwa mti wa balsa, laini kama kizibo cha chupa. Maji yakishapenya hayana pa kutokea; balsa inaoza taratibu, na mwisho sitaha inabonyea ukiikanyaga. Skrubu nayo ilikuwa imeng'ata ile ngozi ya juu tu, milimita chache. Na hapo ndipo mtu anayepepesuka baharini aning'inize uzito wake wote!

Sasa niacheni nijisifu kidogo. Nilichukua msumari, nikakata kichwa, nikakunja ncha kama herufi L, nikaufunga kwenye drili. Ukiuingiza tunduni na kuzungusha polepole, ile ncha inatafuna balsa iliyo katikati bila kulipanua tundu la juu. Ulianza kutoka uchafu mweusi wa majimaji, kisha wa kahawia, mwisho unga mweupe mkavu. Hapo nikajua nimefika kwenye mti mzima. Msumari wa kwanza niliukunja mrefu mno, ukanichapa kidole gumba mpaka nikaita mama. Ncha ya sentimita moja yatosha.

Matundu yakakauka chini ya turubai zaidi ya wiki. Nikayaziba kwa chini na tepu, nikamimina epoksi nyepesi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ili balsa iinywe, nikafuatisha nyingine niliyoikoroga na unga wa silika mpaka ikawa nzito. Msikoroge kopo zima kwa mpigo. Langu lilichemka likafuka moshi mkononi.

Epoksi ilipokuwa ngumu kama jiwe, nikatoboa tena katikati yake, safari hii kwa bolti za kupita mpaka chini. Mdomo wa kila tundu niliupanua kidogo kama faneli, kalafati ipate pa kukaa. Kalafati yenyewe ilikuwa utepe wa butili, mpira laini unaonata, nikaufinyanga kuzunguka shingo ya bolti. Kuna aliyenisisitizia gundi ya poliyurethani. Ile ikishashika, siku ya kung'oa mbao utang'oa na sitaha. Chini nikaweka washa pana, na mwanangu akakaa juu na bisibisi bolti isizunguke, mimi nageuza nati tu.

"Baba, bado?"

"Bado robo."

Robo mzunguko leo, robo kesho, robo kesho kutwa, kila mara butili ikichomoza pembeni kidogo. Ukikaza yote siku moja unaikamua ikaisha.

Gharama? Bolti za chuma cha pua ndizo zilizoniuma, mengine vijisenti. Vizibo vya mbao juu ya vichwa vya bolti nilivibandika kwa vanishi, si epoksi, maana ipo siku nitavifungua.

Mvua zimepita kadhaa, mto wangu wa kulalia mkavu. Juzi mmoja wa wale washauri akapanda botini, akaitikisa mbao kwa mikono miwili, akatikisa na kichwa, akaniuliza ni silikoni gani hiyo niliyotumia.