Mombo hadi Mtae kwa pikipiki

Wengi wanaijua milima ya Usambara kupitia dirisha la basi, wakipita Mombo kwenda Arusha au kurudi Dar. Mimi na swahiba wangu, Msambaa wa Lukozi, tuliipanda Januari, kila mtu na pikipiki yake.

Mombo joto lilikuwa limeshaanza asubuhi ile: mkonge, mibuyu, vumbi. Kutoka pale hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba, huku mwamba, huku korongo. Kila kona unapiga honi, maana lori lililosheheni kabichi linaweza kuwa linateremka upande wa pili. Raha ya pikipiki mlimani ni kwamba ngozi yako ndiyo inayokuambia umefika wapi. Chini ya Soni koti langu lilikuwa wazi; tulipoyapita maporomoko ya maji ya pale nililifunga hadi kidevuni. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, tulikunywa chai, tukajaza mafuta, tukaondoka.

Magamba, msituni juu ya Lushoto, ningekaa kutwa nzima. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na tulipozima injini tukawasikia mbega juu ya miti. Mwenzangu alinionyesha mkulo, mti ambao wanasayansi wameupa jina la milima hii, Ocotea usambarensis. Mbao zake ni nzuri mno, na hilo ndilo lililouponza; ulikatwa sana. Nilitia kiganja kwenye gome lake, lina baridi na unyevu. Vijito vinavyonywesha mashamba ya huko chini vinaanzia kwenye misitu kama huu, na mtu yeyote anayeingia humo na msumeno usiku anawakata koo jirani zake.

Mbele ya hapo ni barabara ya udongo mwekundu, na mwendo wetu ukawa wa kusalimiana. Swahiba wangu hampiti mtu mzima bila kusimama. Kina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, wazee, mafundi baiskeli: anasimama, anavua kofia ngumu, anasalimia kwa Kisambaa, anaulizwa habari za mama yake. Bibi mmoja nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatupa viazi vya kuchemsha vya moto. Tulivila tukiwa tumesimama kando ya shamba la karoti. Sijawahi kula kiazi kitamu vile.

Mtae iko ukingoni kabisa. Nyumba zimepangana juu ya mgongo wa mlima, na ukisogea hatua chache ardhi inaisha: chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, na Upare kwa mbali. Tulikaa pale bila kuongea mpaka upepo ukatufukuza.

Kurudi, mwenzangu alitangulia. "Kaka, gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia," akaniambia. Wapo vijana wanaozima injini na kuserereka ili waokoe mafuta. Breki zikipata moto kwenye kona zile hakuna cha kukushika, na nawaomba sana waache. Tulishuka na gia ya pili hadi Soni, tukanunua mapichesi ndoo nzima. Giza lilikuwa limeanza kuingia, naye akakataa katakata kuendelea. Shangazi yake anakaa karibu na soko. Tulilala kwake, Mombo tukaiacha hadi kesho yake.