Mkitaka kutusaidia, njooni Juni

Wageni wanaotembelea kikundi chetu huuliza maswali yaleyale mawili: mko wangapi, na mmeshanufaisha watu wangapi. Tunawajibu, wanaandika, wanapiga picha mbele ya mashine, wanakunywa soda na kuondoka. Bado sijampata mgeni wa kuuliza: mwezi wa Juni huwa mna shilingi ngapi mkononi?

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mhasibu Dodoma mjini, na Jumamosi nikipata nafasi napanda basi kwenda kijijini kwa mama, wilaya ya Kongwa, kuweka sawa vitabu vya kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti. Silipwi, ila dumu la mafuta silikosi. Mashine ni ya kikundi. Faida haigawanywi yote. Sehemu inarudi kwenye mtaji, sehemu inanunua unga wa uji wa watoto wa shule ya msingi, kinachobaki ndicho wanachogawana. Kwenye semina tunaitwa biashara ya kijamii. Kijijini sisi ni watu wa mashine tu.

Sasa sikilizeni kalenda yetu, maana shida yote imo humo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kuisha Aprili, tena mwaka mwingine inakata Februari watu wakiwa bado wana palizi. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, na ikifika Juni kila nyumba ina magunia uani. Mwezi huohuo ndipo mkulima anadaiwa kila upande: deni la dukani, vibarua waliomsaidia kuvuna, mtoto anayerudi shule ya bweni, mgonjwa aliyekuwa anasubiri mavuno ili apelekwe hospitali. Kila mtu anauza, kwa hiyo bei inalala chini. Ikifika Novemba imepanda, lakini kwa mkulima mdogo wakati huo hakuna cha kuuza.

Dalali anajua kalenda hii kuliko mtaalamu yeyote wa miradi. Anakuja na pikipiki na fedha taslimu, na debe lake lililogongwa kitako mpaka limetuna. Mimi simchukii. Analipa papo hapo, na mtu mwenye mgonjwa ndani hahitaji kitu kingine. Mwaka mmoja tulijaribu kuwalipa wanachama nusu Juni na nusu baada ya kuuza mafuta. Bibi mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hesabu yako nzuri, lakini mwenye duka naye anataka nusu?" Akampelekea dalali magunia yote. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo tulibadilisha. Tunalipa taslimu yote siku hiyohiyo, kwa mizani, bila lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, bei ikiwa sawa na ya dalali au juu yake kidogo sana. Mafuta yakishauzwa, Desemba kila aliyetuletea alizeti anapata malipo ya pili kulingana na kilo zake. Desemba ndipo watu wanatafuta mbegu na fedha ya kulimia, hivyo hata kiasi kidogo kina kazi. Mizani peke yake ilituletea watu ambao semina haikuwaleta. Mtu akiona mshale umesimama wapi, anarudi.

Ila ili ulipe taslimu yote Juni lazima uwe nayo Juni. Hapo ndipo tunapokwama. Gunia la kilo 65 kwa mashine yetu linatoa lita 16 hadi 18, kutegemea mbegu. Mbegu ya zamani iitwayo Rekodi inatoa kidogo, chotara zinatoa zaidi. Mashine inaweza kukamua mpaka Februari. Lakini alizeti tunayoweza kununua na kuiweka ghalani inaisha mapema, na baada ya hapo tunakamulia watu kwa kulipwa ujira, tena wachache. Halafu mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, akaja kutuletea mashine ya pili. Tuliomba fedha ya kununulia alizeti badala yake. Tukaambiwa utaratibu wao hauruhusu kununua malighafi, unaruhusu vifaa. Akina mama wakapiga vigelegele, mashine ikashushwa, na sasa imefunikwa turubai. Mtu ukiwa na chungu kimoja kisicho na unga, ukaongezewa cha pili, utapika nini?

Wazee wa Kongwa hawashangai. Hapa Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, na matrekta ya kila aina, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikagoma, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 35. Tusijilinganishe nao, sisi mashine yetu inaingia kwenye chumba kimoja. Lakini ugonjwa wa kuanza na chuma ni wa siku nyingi.

Mikopo? Benki inataka hati, na jengo letu limekaa kwenye ardhi ya kijiji, hati haina. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni kitu kizuri kweli, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Ushauri wangu kwa vikundi vya alizeti ni kuanza makaratasi mapema, mwaka ungali mchanga. Mkopo ukiingia Oktoba, unanunua alizeti ileile kwa aliyeinunua Juni, kwa bei yake, na hapo hata bila riba umeumia.

Halafu kuna mambo ambayo kikundi cha kijiji hakiwezi kuyazuia. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta ya kula mwaka 2022, ushuru wa mafuta ya nje ulipunguzwa ili mlaji apumue. Mlaji alipumua, lakini 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na wakulima wengine wakarudi kwenye mtama. Tulipona kwa sababu ya mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Wageni huyapita kama takataka, kumbe wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa wa mjini wanayagombania, na ndiyo yaliyotulipia umeme wa luku mwaka ule.

Kilichotusaidia kuliko yote kimetoka Dodoma mjini. Niliwaomba wenzangu kazini, mama ntilie wawili, na hosteli moja ya wanafunzi walipie mafuta mwanzoni mwa Juni, wayachukue kidogo kidogo kuanzia Agosti mpaka Desemba, kwa bei iliyoandikwa. Huo haukuwa msaada, walikuwa wananunua mafuta wanayotumia kila siku. Fedha yao ikageuka magunia ghalani. Bei ikipanda wanafurahi. Ikishuka wananuna, na mwaka iliposhuka mama ntilie mmoja alinitumia ujumbe ambao siwezi kuuweka hapa. Tumekubaliana sasa kwamba ikishuka sana tunamwongezea lita, si kumrudishia fedha. Sijui kama mwanasheria angeridhika, lakini yeye ameridhika, na Juni iliyofuata alilipa tena.

Hosteli ndiyo wagumu. Mpishi wao anasema mafuta yetu yanatoa povu kwenye kikaango, na ni kweli, kwa sababu ni ghafi, yamechujwa kwa kitambaa tu. Hivyo mwaka huu tumepanga kuanza na mashine ya kuchuja, kisha barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ili twende TBS, shirika la viwango, kutafuta nembo ya ubora, ambayo wajasiriamali wadogo hupewa bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Aliyetuletea ile mashine ya turubai tumemwandikia tukimwomba ruhusa tuiuze tununulie chujio. Hajajibu. Wanaotaka kulipia mafuta ya Agosti waniandikie kabla ya mwisho wa Mei, na waseme kabisa ni madumu ya lita 5 au 20, maana madumu matupu nayo tunanunua.